Jalada la Mzee na Mkamwana

Ninyi mnaobaki karakanani mmeniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijazisahau, na kwa kuwa mliomba kwa adabu, chai kwanza na swali baadaye, nimekubali. Ila humu msitafute habari za cheo wala mshahara. Cheo changu kilikuwa kigoda karibu na dirisha, na mshahara uliliwa zamani, mwingine na tumbo na mwingine na karo. Nitawaandikia juu ya kuchora majalada ya santuri, maana ndiyo kazi iliyonitunza, na hasa juu ya jalada moja ambalo nusura linishinde.

Mimi sikuanza na rangi. Nilianza na sindano. Mume wangu alifariki miaka michache baada ya Uhuru, akaniachia watoto wa kulisha na cherehani ya miguu. Bwana Premji akanipa nafasi barazani mwa duka lake hapa Kisii mjini. Upande mmoja wa duka yeye aliuza redio, gramafoni na santuri, na upande wa pili mkewe, tuliyemwita Mama Jaya kwa jina la binti yake wa kwanza, aliuza vitambaa. Mimi nilishona magauni ya kanisani, na mvua ilipozuia wateja nilichora maua kwa chaki juu ya vitambaa vya meza, wanawake wakaenda kuyadarizi wenyewe nyumbani.

Santuri za siku zile zilikuja ndani ya mifuko ya kaki, zote zikifanana kama mapacha. Asiyejua kusoma alichukua yoyote, akapanda nayo mlima hadi kwake, na kesho yake akairudisha akilalamika kwamba ameuziwa mahubiri badala ya muziki. Siku moja bibi mmoja wa Kiogoro alimrudishia Premji santuri kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika nikiwa mshiriki wa kanisa. Alipoondoka, Premji alitoka barazani akasimama nyuma yangu nikichora ua.

"Mama Moraa, unaweza chora ng'ombe?"

"Ng'ombe wa nini?"

"Wa kuweka kwa kava. Hii wimbo ni ya ng'ombe. Mtu akiona ng'ombe, anajua. Hakuna kurudisha."

Nilichora ng'ombe, akatoka mbuzi mwenye kiburi. Premji alimtazama kwa muda mrefu, akashusha pumzi, akasema tuweke hivyo hivyo. Wateja wakaja kuulizia "ile ya mbuzi", na hakuna aliyerudisha. Ndivyo nilivyoingia kazini, kwa mlango wa mbuzi, na namshukuru Mungu kwa mlango huo.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Onduko, mchora mabango. Kila bango la duka mlilolikuta mjini likiwa na herufi nene zenye kivuli chekundu, hilo ni la mkono wake. Alikuwa mtu mkali, mpenda ndizi mbivu, na hakuamini kwamba mwanamke anaweza kushika wembe bila kujikata. Nilimwonyesha vidole vyangu, nikamwambia nimekata mikono ya magauni zaidi ya herufi zote alizowahi kuandika. Akacheka, akanipa wembe.

Kwake nilijifunza haya mnayoyafanya leo mkidhani yalizaliwa nanyi. Kwamba unakata umbo kwenye karatasi iliyopakwa nta, unalibandika chini ya fremu yenye kitambaa chembamba, unamimina rangi, unaivuta kwa ubao wenye ukingo wa mpira, mkono mmoja bila kusita. Kwamba kila rangi ina fremu yake na zamu yake. Kukata karatasi ile hakukuwa mbali na kukata ruwaza ya gauni: katika kazi zote mbili unafikiria kile kinachoondoka. Onduko alikuwa na desturi ya kunivusha barabara nikiwa nimeshika picha, yeye akibaki dukani, kisha ananipigia kelele niigeuze kwake. Akiona mtu, nilirudi salama. Akiona madoa, nilirudi nikitukanwa mbele ya wachuuzi wote wa mboga. Amekwisha kufa, na mpaka leo siwezi kumaliza picha bila kuivusha barabara.

Adui yetu mkubwa alikuwa mvua. Mnajua mvua ya Kisii ilivyo na saa yake kama mfanyakazi wa serikali, isipokuwa yenyewe haikosi kuja. Tukivuta rangi asubuhi, alasiri hewa yote ni maji, na rangi inakaa juu ya karatasi kama mgeni asiyetaka kuaga. Tulizianika karatasi kwa vibanio vya nguo juu ya jiko la makaa, makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri, maana moshi hufanya nyeupe kuwa ya kikohozi. Zikikauka, tunazibandika juu ya majalada matupu ya kadibodi. Rangi zikishikana, usizivute. Ngoja. Mvumilivu hula mbivu, na asiye mvumilivu huanza upya.

Bendi nazo zilikuwa na mambo yake. Iliwahi kuja moja ya vijana, kila mmoja akataka awe mbele. Wakaja mmoja mmoja kwa siri kuniomba, kila mmoja na ndizi zake. Nikawachora wamesimama kwa mstari wa pembeni, kama watu wanaongoja posta, nikala ndizi zote. Mpiga gitaa wao hakuwa na viatu, akaniomba nimchoree. Nilimchorea vya ncha kali, vya kahawia, na alipopata pesa alilipeleka jalada lile kwa fundi viatu akasema, "Kama hivi." Alivivaa mpaka vikafunguka mdomo.

Sasa nije kwa Mzee Makori.

Mzee Makori wa Gesima alikuwa mpiga obokano, ule udi wetu mkubwa wa nyuzi nane unaonguruma chini chini hadi kigoda kikatetemeka. Mwanawe Nyakundi alikuwa na bendi ya magitaa pale Gesima, na siku moja yule kijana akapata wazo la kumkalisha baba yake katikati ya magitaa. Watu walisema obokano utamezwa. Wapi! Ndio uliomeza magitaa. Premji aliwasikia mara moja tu akaamua kuwapeleka Nairobi kurekodi santuri kubwa, na kwa mara ya kwanza akataka jalada kubwa lenye rangi tatu, la kwetu, lisilochorwa na mtu wa mbali asiyejua kama obokano unashikwa au unapandwa.

Nilikwenda Gesima kuwaona wakifanya mazoezi katika kibanda cha kununulia majani chai, siku ambayo hakukuwa na ununuzi. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amevaa koti lake la sherehe kwa ajili yangu, macho chini kwenye nyuzi. Mbele yake alikuwa mwimbaji wao, msichana aitwaye Kemunto. Alicheza akimwelekea mzee, magoti yamekunjwa, mabega yakitupwa mbele na nyuma, karibu kabisa na obokano, na mzee kila alipomwona anashuka naye alishusha mlio. Hapo ndipo muziki ulipokuwa. Nikachora nilichokiona: mzee na msichana, uso kwa uso, udi katikati. Bendi nzima iliiona picha ikashangilia. Mzee mwenyewe aliigusa kwa kidole, akasema, "Basi hata mimi nitabaki." Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kupigwa picha ila ya kipande cha utambulisho, naye alikuwa amepiga obokano tangu ujana wake katika harusi za watu wengine.

Nikarudi mjini, nikakata karatasi, nikaanza kuvuta rangi ya kwanza, kijani.

Huku nyuma maisha hayakungoja rangi ikauke. Nyakundi na Kemunto walikuwa wamependana, na walipotoka Nairobi kurekodi wakaamua kutoficha tena. Wazee wakakutana, wakakubaliana, na ng'ombe wakatoka boma la Makori kwenda kwa baba yake Kemunto. Ng'ombe wakishafika, maneno yamekwisha. Kemunto si msichana wa bendi tena. Ni mkamwana wa Mzee Makori.

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze kidogo. Kwetu, baba na mke wa mwanawe wanatengwa na ensoni, yaani haya na heshima kwa pamoja. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hampi mkamwana mkono. Wakikutana njiani kila mmoja huchukua ukingo wake. Kumwona mkamwana akicheza magoti yamekunjwa, tena akikuelekea wewe, ni jambo ambalo mtu mzima hulitaja kwa kuangalia pembeni. Picha niliyoichora ilikuwa safi siku niliyoichora. Hakuna aliyekosea. Ng'ombe walipita tu katikati yake.

Mzee alikuja karakanani bila taarifa. Karatasi zilikuwa zimening'inia chumba kizima, Kemunto na mzee kila mahali, wote wa kijani. Alipoingia akasimama, akageuka, akaukabili ukuta.

"Mama Moraa," akasema, "funika."

Nilidhani anatania. Kisha nikaona kwamba hageuki, nikavuta shuka la kukatia nguo, nikafunika nilizoweza. Akakaa huku amezipa mgongo zilizobaki. Tulizungumza Ekegusii, mimi naandika kwa Kiswahili, lakini sauti yake bado naisikia.

"Umesikia habari za ng'ombe?"

"Nimesikia, Tata," nikasema, kwa neno letu la kumwita baba. "Hongera."

"Basi unajua. Hiyo picha itaingia nyumba za watu. Itaingia nyumba ya mwanangu. Nifute."

"Nikufute wewe?"

"Mimi nimemaliza. Yeye ndiye anaanza. Mweke peke yake, ni mzuri, watanunua. Mimi watanisikia ndani."

Alisema hivyo akiwa na lile koti lake la sherehe, na nadhani alilivaa ili kuaga picha. Nilimwomba anipe muda. Alisema muda ninao, lakini ensoni haina muda, akatoka bila kugeuka.

Siku ya soko akaja Kemunto. Alikuwa tayari amefunga kitambaa kichwani kama mke wa mtu. Hakutaka hata kuketi.

"Mama, nimesikia baba amekuja kuomba afutwe. Usimfute. Nifute mimi."

"Naye ameniambia nisikufute wewe."

"Mimi nitaimba kanisani, nitaimba shambani, nina miaka. Yeye ana hii moja tu. Ukimtoa, nitaingiaje boma lile? Kila nikipika nitajua nimemla."

"Umwambie mwenyewe basi."

"Nitamwambia kwa mdomo gani, Mama?" akasema, machozi yakamtoka. Na kweli, hakuwa na mdomo wa kumwambia. Ikawa mimi ndiye niliyebeba maneno, kama esigani, yule mshenga wetu wa ndoa, isipokuwa mimi niliposa kadibodi.

Premji hakuelewa. "Ni picha tu! Nani anaona?"

"Kisii yote inaona, na Nyamira yote inarudisha."

Neno kurudisha alilielewa. Akashauri tuweke ua kubwa katikati yao. Nikaweka badala yake Nyakundi na gitaa lake, nikapeleka karatasi Gesima. Mzee alitazama kwa jicho moja akasema, "Mtoto si ukuta. Umemfanya aone na yeye." Nikaweka mstari wa michai. Akasema michai haimzuii mtu kuona anayecheza nyuma yake, ndiyo maana vijana wanaipenda. Onduko, aliyekuwa mgonjwa wakati ule, alinitumia ujumbe kwamba nimchore mzee amefumba macho. Nikawaza kidogo nikaona hapana. Nimfumbe macho mtu katika picha yake ya pekee?

Nilikuwa nimekata tamaa nilipokwenda kumwona mama yangu, ambaye bado aliishi katika nyumba ya nyasi ya zamani. Nyumba zile, wazee wanajua, zilikuwa na upande wa mama na upande wa baba, na kila upande mlango wake. Mgeni wa baba aliingia kwa baba, akanywa, akaondoka, asijue kama jikoni kuna nani. Nilikuwa nimepita milango ile tangu kuzaliwa bila kuifikiria. Siku hiyo nilitoka kwa mmoja kwenda kumwaga maji, nikarudi kwa mwingine, nikasimama nje na karai tupu mkononi. Jalada lina pande mbili! Sisi tulizoea kuuacha upande wa nyuma mtupu, majina ya nyimbo tu, kana kwamba nyumba ina mlango mmoja.

Premji aliposikia akashika kichwa. Upande wa pili maana yake fremu nyingine, kukausha mara mbili, kubandika mara mbili, na santuri zilikwisha kufika kutoka Nairobi, zimekaa kwenye makasha. Tena kile kitambaa chembamba cha fremu kilikuwa kimeisha, na kingine kilipaswa kuagizwa Kisumu. Tukabishana kwa sauti mpaka Mama Jaya akaja kutoka upande wa vitambaa kuuliza ni nani amekufa.

Nikamweleza. Wala sikumaliza. Akamgeukia mumewe wakasemezana kwa lugha yao, yeye akisema mengi na mume machache. Kisha akaniambia:

"Mimi nilipoolewa, baba yake huyu akiingia chumbani, mimi navuta sari mpaka hapa." Akashusha upindo wa sari hadi kidevuni. "Miaka yote. Sura yangu yeye hakuona. Viatu yake mimi najua, sura sijui vizuri. Huyu msichana mimi naelewa. Mzee pia naelewa."

Akapanda ghorofani kwao akarudi na sari ya hariri nyeupe iliyochakaa pindoni. Akaniambia ndiyo aliyokuwa akijifunika mbele ya baba mkwe wake, kwamba mzee yule alikwisha kufa, na kwamba hariri ni bora kuliko kitambaa changu cha Kisumu. Akaikata yeye mwenyewe, kwa mkasi wangu. Mimi nikamshikia pindo. Premji alitazama mambo haya, akasema polepole, "Basi tengeneza pande mbili." Msiniulize kwa nini ninawakemea mnaposema kwamba Wahindi wa pale hawakujua mila. Mama Jaya ndiye aliyeelewa kabla sijamaliza sentensi.

Mbele nikamweka Mzee Makori, peke yake na obokano wake, koti la sherehe, macho kwenye nyuzi. Nyuma nikamweka Kemunto anacheza, peke yake, gauni jekundu, mabega yametupwa. Hariri ilipitisha rangi laini kuliko nilivyowahi kuona. Nikazivusha barabara picha zote mbili, moja baada ya nyingine, na nilikuwa naogopa kuliko siku ya harusi yangu.

Nilipompelekea mzee, alilipokea jalada kwa mikono miwili, upande wake juu. Akalitazama sana. Akauliza, "Na nyuma?"

"Nyuma hakukuhusu, Tata."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi umejenga nyumba," akasema, akaliweka mapajani bila kuligeuza. Santuri ile ilinunuliwa Kisii, ikanunuliwa Nyamira, ikafika hadi kwa wachongaji mawe wa Tabaka, na hakuna aliyerudisha. Kemunto hakucheza tena mbele ya bendi ile, sitawaficha. Aliimba kanisani kama alivyosema, na watu walitoka mbali kumsikiliza. Katika nyumba ya Nyakundi jalada lilitundikwa upande wa gauni jekundu.

Baada ya hapo nilichora mengi, na mnayo yote pale kabatini, mema na mabaya. Nilipata kula, nikasomesha, nikafundishwa na watu wenye subira, nikazeeka nikifanya kitu nilichokipenda. Ni wangapi wanaoweza kusema hivyo? Ninashukuru, na nasema wazi ili msinisingizie unyenyekevu.

Mzee Makori alifariki mwaka huu wa mwisho wa kazi yangu. Baada ya mazishi Kemunto alikuja karakanani, mama mtu mzima sasa, na kitu ndani ya leso. Mama mkwe wake alikuwa amemkabidhi jalada la mzee, lile nililompelekea kwa mkono wangu. Upande wa mbele moshi wa jikoni ulikuwa umeula. Koti la sherehe limekuwa kahawia na uso niliutambua kwa kuwa niliukata mimi. Upande wa nyuma haukuonekana. Ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichoshonwa ukingo mzima, mishono midogo midogo ya mkono.

"Alimwomba mama akishone siku ile ile ulipoondoka," Kemunto akasema. "Ili mtu asije akaligeuza jalada kwa bahati mbaya yeye akiwepo. Fungua, Mama. Wembe unao wewe."

Nilichukua wembe nikakata uzi upande mmoja, nikainua kitambaa. Gauni lilikuwa jekundu kama siku nilipolivuta. Halikuwa limewahi kuona mwanga. Kemunto alijitazama, kijana, mabega yametupwa, akalia, nami nikalia naye, na hatukuoneana haya.

Kisha akajifuta uso, akakirudisha kitambaa mahali pake, akakilainisha kwa kiganja.

"Kishone tena, Mama," akasema. "Bado ni baba mkwe wangu."

Nikavaa miwani, nikatafuta sindano.